Kuitembea Tanga ukiwa mwenyeji: anza kwa kutazama mwezi

"Waja leo waondoka leo" ni msemo wa Tanga kuhusu wageni. Lakini wapo wenyeji waliokaa Ngamiani au Chumbageni miaka ishirini na mapango ya Amboni waliyaona mara moja tu, walipopelekwa na shule. Safari tatu zifuatazo hazihitaji gari la kukodi, na si lazima uzifanye mfululizo. Kinachohitajika ni kupanga tarehe vizuri, na hapo ndipo wengi hukosea: wanachagua Jumamosi iliyo wazi, kisha wanakuta bahari imejaa.

Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, mchana na usiku vilevile. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 3 ya mwezi wa Kiislamu maji yatakuwa chini kabisa karibu saa tano na nusu asubuhi. Ikifika tarehe 8 au 22 ni maji mafu: yanakupwa alasiri, tena hayaendi mbali. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kupanga. Jedwali la maji kujaa na kupwa litumie kuhakikisha.

Hesabu hiyo ni ya Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini mbele ya Pangani na Ushongo, hifadhi tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo hakuna mti hata mmoja, na bamvua ikijaa fungu lote huzama. Ndiyo sababu mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara. Lala Pangani usiku wa kuamkia safari, maana ukitoka Tanga mjini asubuhi, kilomita kama 50, utachelewa maji. Chombo kiondoke muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kuwa chini kabisa, na muwe mmeanza kurudi muda wa saa moja na nusu baada yake. Bei hupangwa kwa chombo, si kwa kichwa, basi jikusanyeni sita au wanane. Kabla ya kulipa, hesabu maboya ya kuvaa: yasipotosha watu wote, tafuta chombo kingine. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi.

Beba maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, shuka au turubai la kivuli na miti miwili ya kulisimamisha, na viatu vya kuingia navyo majini, kwa sababu penye matumbawe pana miiba. Usisimame juu ya matumbawe. Yanavunjika, na wewe unachanika. Miezi mizuri ni ya kaskazi, Desemba hadi Machi kabla ya masika. Kusi likikaza, Juni na Julai, bahari huchafuka. Nahodha akisema leo hapana, usimwongezee pesa.

Amboni ni rahisi zaidi. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini, upande wa barabara ya Horohoro. Shuka Kiomoni, malizia kwa bodaboda. Chukua kitambulisho cha taifa: bila hicho utabaki kubishana kuhusu kiingilio cha mwananchi. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla. Mwongoza wageni atakuwa na taa yake, lakini beba tochi ya kufunga kichwani. Kurunzi ya simu haifai, kwani kuna sehemu unapita kwa kuinama na kushika mwamba kwa mikono miwili. Viatu viwe na soli inayoshika. Kinyesi cha popo kikilowa kinateleza, na kikikauka vumbi lake si la kuvuta, basi barakoa isikose. Mwenye pumu abaki mdomoni mwa pango, kwenye ukumbi mpana. Hapaboi: tazama juu polepole mpaka macho yazoee giza, ndipo utaona kwamba doa jeusi la dari ni popo wamening'inia.

Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, iko kama kilomita 17 kusini ya mji, njia ya Pangani. Watu hupiga picha mbili wakaondoka, kwa sababu wanafika saa saba mchana, jua la utosi, na kila jiwe linaonekana la rangi moja. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua likija kwa ubavu, michongo ya fremu kwenye kuta za makaburi hutokeza, pamoja na mashimo ya duara yalimokaa vyombo vya kauri. Tafuta kibla ya msikiti uliobomoka, kisha zunguka makaburi ya nguzo. Zaidi ya 20 yamehesabiwa hapa, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Usipande ukuta wowote, hata ule mfupi: chokaa imechoka. Nyuma ya magofu ni mikoko. Ukitaka kushuka hadi kwenye maji, nenda yakiwa yanakupwa, na viatu mkononi, kwani tope la pale huvivua bila kuuliza.