Mwindaji wa World of Warcraft: uliza kwanza ni wa zama gani

Vijana wanaoanza World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, wakisikia nacheza mwindaji, yaani mhusika wa upinde na mnyama, huniuliza swali lile lile: "Kaka, mwindaji bado ana nguvu?" Nami huwauliza: mwindaji wa lini? Wa 2004 na wa leo wana jina moja, upinde mmoja na mnyama ubavuni, lakini udhaifu wa mmoja si udhaifu wa mwingine. Ukichukua ushauri wa zama nyingine, utapoteza wiki nyingi bure, kama nilivyopoteza mimi.

Mimi ni fundi wa friji, naishi Tudor, Mombasa. Nilianza kucheza mwishoni mwa 2009, miezi michache baada ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu na intaneti kuanza kubebeka. Zilikuwa zama za Wrath of the Lich King, kwani kila toleo jipya la mchezo hubadilisha sheria na kuwa zama yake. Rafiki aliyetangulia aliniambia nishike tawi la Beast Mastery, moja ya matawi matatu ya ujuzi wa mwindaji, kwamba mnyama peke yake atanifanyia nusu ya kazi. Aliyosema yalikuwa kweli tupu mwaka 2007, zama za Burning Crusade, toleo lililotangulia. Lakini Januari 2009 tawi hilo lilikuwa limeshapunguzwa makali. Nilihangaika miezi miwili, kila usiku mimi wa mwisho kati ya washambuliaji, nikidhani vidole vyangu ndivyo vibaya.

Kwa hiyo kabla ya lolote, tazama unaingia seva ya zama gani.

Nikianza na Classic, ile iliyofunguliwa Agosti 2019 ikafuata sheria za mwanzo, hapo mwindaji ni mfalme wa safari ya kupanda ngazi. Mnyama unampata ngazi ya 10, anashika adui kwa Growl, ngurumo inayomvuta adui kwake, nawe unapiga kwa mbali. Hakuna klasi, yaani aina ya mhusika, iliyonifikisha ngazi ya mwisho ya 60 kwa raha kama hiyo. Ila mnyama huyo lazima alishwe. Akiwa na furaha anapiga kwa asilimia 125, akikasirika anashuka hadi 75, na ukimtelekeza kabisa anakukimbia. Paka wanataka nyama au samaki. Nguruwe hachagui, ndiyo maana namshauri anayeanza aanze naye. Ukifika ngazi ya 37, nenda eneo la Badlands umtafute Broken Tooth, paka anayeng'ata kila sekunde moja. Wachawi wanaosoma dua ndefu hawampendi hata kidogo, kwa kuwa kila ng'ato linachelewesha dua yao. Haonekani kila siku. Mimi nilimvizia usiku tatu.

Udhaifu mkubwa wa zama hizo ni ile nafasi kati ya yadi 5 na 8. Upinde hauanzi kupiga hadi yadi 8, mkuki haufiki zaidi ya 5, na katikati huna silaha. Rogue, yule muuaji wa visu, anayejua kazi yake atakusimamia hapo hapo hadi ufe. Na mitego huwezi kuitega ukiwa vitani. Dawa ni mpangilio huu, ujizoeze hadi mkono uujue bila wewe kufikiri: mpige Wing Clip apunguze mwendo, jifanye maiti kwa Feign Death ili utoke vitani, papo hapo tega mtego wa barafu miguuni pako, kisha inuka urudi nyuma. Pengo kati ya kulala na kutega ni dogo mno. Kwangu, seva ikiwa Ulaya na ucheleweshaji wa mtandao ukisoma karibu milisekunde 200, nililazimika kubonyeza mtego mapema kidogo kuliko wenzangu wa kule, kabla jicho halijaona mhusika wangu akilala. Nawe uliye mbali na seva fanya hivyo.

Kwenye vikosi vya watu 40, nguvu ya mwindaji wa Classic inafifia kadiri zana za wengine zinavyokua, kwa sababu mnyama wake hakui na zana zako. Warrior, yule wa upanga, atakupita na usishindane naye. Thamani yako iko kwingine: bosi Magmadar ndani ya pango la Molten Core akipandwa na hasira, ni Tranquilizing Shot ya mwindaji inayomtuliza, na kitabu chake kinadondoka kwa Lucifron, bosi wa kwanza. Pangeni zamu kwa majina, msirushe wawili kwa mpigo. Na mimi niliporudi 2019, bosi alikuwa na nafasi 16 tu za sumu na laana, hivyo Serpent Sting, mshale wako wa sumu, ilikuwa inaiba nafasi ya mtu mwenye kipigo kizito zaidi. Iache.

Makosa mawili ya mnyama yaliua vikundi vingi mbele ya macho yangu. Growl izime unapoingia pangoni pamoja na tanki, yule mchezaji ambaye kazi yake ni kuwashika adui. Na kabla ya kuruka kutoka ukingo wa juu kwenda chini, mrudishe mnyama wako. Asipoweza kuruka atazunguka njia ndefu, aamshe kila adui njiani na kuwaleta wote kwenu. Blackrock Spire ni makaburi ya vikundi vilivyosahau hilo.

Burning Crusade ilitibu mengi: mitego ikategeka vitani, Misdirection ikaja ngazi ya 70 ukaweza kumtupia tanki hasira za adui, na Steady Shot ya ngazi ya 62 ikawa roho ya kipigo. Siri ya zama hiyo ni kutoikata risasi inayojipiga yenyewe. Sikiliza sauti ya upinde, si kitufe.

Wrath niliijua vizuri baada ya kuacha Beast Mastery. Nilihamia tawi la Survival kwa ajili ya Explosive Shot, ambayo hupigwa papo hapo bila kuvutwa, kwa hiyo mtandao ukisuasua hupotezi kitu. Kisha, kwa zana za pango la Icecrown Citadel, Marksmanship, tawi la tatu, ikayapita yote, kwa sababu sasa ungeweza kukusanya alama za kupenya deraya hadi 1400, ambapo deraya ya adui haikuzuii tena. Aliyehamia mapema bila alama hizo alipiga kidogo kuliko alivyokuwa akipiga Survival. Zama ilikuwa moja, lakini jibu lilibadilika kwa zana alizovaa mtu.

Oktoba 2010 mana, ile nguvu ya kichawi ya kupigia mapigo, iliondolewa kwa mwindaji, ikaja fokasi inayojaa yenyewe, na mishale ikakoma kununuliwa. Podo langu nililitunza bado, ingawa miaka hiyo yote lilikuwa limekula nafasi ya mfuko mzima wa mizigo. Lile pengo la yadi 5 hadi 8 lilikuwa limeshafutwa tangu 2007, na 2012 upinde ukaweza kupiga hata adui aliye karibu kabisa. Mwaka 2016, zama za Legion, Survival iligeuzwa kuwa tawi la mkuki wa karibu, huku Beast Mastery ikipewa mapigo yote ya kukimbia nayo. Hapo kwangu mimi ndipo Beast Mastery ilipata nguvu ambayo haijapotea: bosi anayekulazimisha kutembea kila sekunde haipunguzii kitu. Marksmanship, inayosimama kupiga Aimed Shot, inaumia pale pale.

Kwenye mchezo wa leo, basi, usiulize nani yuko juu kwenye orodha ya wiki hii. Uliza bosi mnayemwendea anakimbiza watu au anawaacha wasimame, na mtandao wako unavumilia nini.

Seva za Ulaya hufanyiwa matengenezo Jumatano, na masasisho mengi hushuka siku hiyo. Usiku wake siingii pangoni kwanza. Naenda Orgrimmar penye sanamu za mazoezi, napiga dakika tano kwa kila tawi, zana zile zile, na naandika namba kwenye daftari la kazini, kurasa za nyuma. Halafu narudia dakika tano nyingine nikitembea bila kusimama. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoniambia tawi gani nimpe kiongozi wa kikosi jina lake kesho yake.