Tamasha la Bia la Cambridge: Panga Ziara Yako kwa Kufuata Mapipa

Mwongozo huu ni wa aliyeko Uingereza, au anayekuja kutembea mwezi Mei, na anataka kwenda Cambridge kwenye tamasha la bia bila kurudi amelewa chakari na hajaonja alichokifuata. Mimi hujitolea nyuma ya kaunta za matamasha ya namna hii, kwa hiyo nitakueleza kutokea upande wa mapipa. Ukishalielewa pipa, mengine yanajipanga: siku ya kwenda, kipimo cha kuagiza, hata chakula.

Tamasha huandaliwa na wanachama wa CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia ya asili ya pipa, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikiiondoa kwenye baa. La Cambridge lilianza 1974. Siku hizi hufanyika kwenye mahema makubwa Jesus Green, uwanja wa nyasi kando ya mto Cam, kwa kawaida katika wiki inayotangulia sikukuu ya Jumatatu ya mwisho ya Mei.

Hatua ya 1: Ijue bia utakayoikuta

Ukizoea kegi ya nyumbani, ile inayosukumwa na gesi kutoka kwenye mtungi, sahau kidogo. Bia ya pipa haichujwi wala haichemshwi kuua hamira. Inaletwa ikiwa bado hai, inamalizia kuchachuka humohumo ndani ya pipa, na ikishafunguliwa ina siku chache tu za kuwa nzuri, kama mbege.

Ndiyo maana mapipa hufika uwanjani siku kadhaa kabla ya wageni. Tunayalaza ubavu kwenye vichanja, halafu juu ya kila pipa tunapigilia kijiti laini cha mbao kinachopitisha gesi. Bia ikiwa na nguvu, utaona povu linachemka polepole kuzunguka kile kijiti. Povu likitulia, tunaonja. Masimbi yakishatuama chini na bia ikatoka angavu, ndipo bomba hufunguliwa kwa ajili yako. Baadhi ya mapipa hugoma siku mbili nzima, na hakuna cha kufanya ila kusubiri.

Jambo moja wasiloambiwa wengi: kinachosaidia masimbi kushuka mara nyingi ni dawa inayotengenezwa kwa bondo la samaki. Kama huli kitu cha mnyama, uliza bia zisizowekewa. Zipo, na huwa zimeandikwa.

Halafu kuna suala la baridi. Hapa hakuna wa kukuuliza "baridi ama moto?" Bia hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Glasi ya kwanza utalalamika. Ipe muda, maana bia ya barafu huficha ladha na hii haina mahali pa kujificha.

Hatua ya 2: Chagua siku

Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72 (painti moja ni mililita 568). Likiisha limeisha, kiwanda kidogo huenda kilileta hilo moja tu. Kwa hiyo Jumamosi jioni, siku ambayo kila mtu ana nafasi, ndiyo siku ya mabaki. Kuna raha yake, kuna kelele na watu, ila nusu ya ulichokiwekea alama kwenye orodha ya bia kitakuwa kimefutwa.

Ukiweza kuomba ruhusa kazini, nenda Jumatano au Alhamisi mchana. Mapipa mengi yanakuwa yameshatulia, foleni ni fupi, na anayekuhudumia ana muda wa kuongea nawe. Ijumaa jioni ningeiepuka kabisa.

Hatua ya 3: Isome orodha ukiwa nyumbani

Orodha ya bia hutolewa mtandaoni kabla ya tamasha. Usijaribu kuichambua uwanjani. Chagua chache za kukufaa na akiba mbili tatu, maana baadhi hazitakuwa tayari siku yako. Anza na viwanda vya Cambridgeshire na mikoa ya jirani. Bia ya mbali utaikuta siku nyingine London.

Hatua ya 4: Usafiri na kitambulisho

Acha gari. Treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya King's Cross, London, huchukua chini ya saa moja. Kutoka stesheni hadi Jesus Green ni mwendo wa nusu saa na ushee kwa miguu, au panda basi la katikati ya mji. Angalia saa ya treni ya kurudi kabla hujaondoka.

Beba pasipoti au leseni. Umri wa kisheria ni 18, lakini ukionekana chini ya miaka 25 utaulizwa, na sisi weusi huwa tunaonekana wadogo kuliko tulivyo. Nimeona baba wa watoto watatu akizuiwa. Beba na koti la mvua. Mei ya Uingereza haiaminiki.

Hatua ya 5: Agiza theluthi

Mlangoni utachukua glasi kwa kuweka amana, na ukiirudisha unarejeshewa pesa yako. Ina mistari: theluthi ya painti, nusu, na painti nzima. Mgeni huona haya kuagiza theluthi, anadhani ataonekana mnyonge. Hakuna anayejali. Wanaoijua bia kuliko wote pale ndio wanaoagiza theluthi.

Hesabu ya yuniti, kipimo cha kileo cha Uingereza, ni hii: zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 1,000. Theluthi ni mililita 189, kwa hiyo bia ya asilimia 4 inakupa yuniti 0.76. Painti yake, mililita 568, ni yuniti 2.3 hivi. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki. Fanya hesabu hiyo kwa painti nne na utaona zimebaki ngapi.

Panda ngazi kutoka nyepesi kwenda nzito: bitter (bia ya Kiingereza ya kahawia, chungu kidogo) ya asilimia 3.8 kwanza, kisha zenye hopsi nyingi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na stout nyeusi ya asilimia 9 iwe ya mwisho. Ukianza na nzito, ulimi umeshakufa. Kama hujui uchague ipi, omba kuonja tone. Na ikija yenye ladha ya siki, irudishe bila woga, tutakubadilishia.

Jihadhari na saida, pombe ya matufaha. Ni tamu, inateleza, na mara nyingi ina asilimia 6 au zaidi.

Hatua ya 6: Kula mapema

Kula kabla ya glasi ya pili, wala usisubiri njaa. Kaunta ya jibini ya Cambridge ina jina lake, na mimi ndiyo ningeipa kipaumbele. Kata kipande cha Stilton, jibini lenye mishipa ya bluu, ukile na porter nyeusi. Chumvi ya jibini huamsha utamu wa kimea. Ukilichukia Stilton, chukua Cheddar, jibini gumu, iliyokaa muda mrefu pamoja na bitter.

Wasiokula nguruwe wasikilize hapa. Scotch egg inafanana kabisa na egichopu ya Dar, yai lililovikwa nyama, ila nyama yake kwa kawaida ni ya nguruwe. Pork pie inajitangaza kwa jina, lakini hata unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kulipa.

Maji ya bomba ni bure kwa mujibu wa sheria panapouzwa pombe ya kunywewa hapohapo. Kunywa glasi moja ya maji kati ya bia na bia, na uitumie nafasi hiyo kusuuza glasi.

Hatua ya 7: Ukiipenda, jitolee

Kwa kawaida unatakiwa uwe mwanachama wa CAMRA na uwe umetimiza miaka 18. Ujuzi si lazima. Utafundishwa kuinamisha glasi, kusoma mstari, na kukisia kwa uzito wa pipa kama kumebaki painti tano au masimbi matupu. Omba zamu ya Jumatatu: ndiyo siku ya kuonja mapipa yaliyokwisha kutulia yakiwa mapya, kabla ya wageni wengi kuyafikia.