Kazi hazisogei na printa imenyamaza: namna ya kucheki foleni kwenye AS/400

Naiita AS/400 hadi leo, hii mashine ya IBM ya kuendesha shughuli za ofisi, IBM wenyewe toka 2008 wanasema IBM i, lakini mambo ya foleni ni yaleyale. Mtu akipiga simu kwamba "mashine imekwama", mara nyingi haijakwama, kuna kitu kinasubiri ruhusa au jibu la mtu. So usikimbilie kuua kazi (yaani programu inayoendeshwa). Hakikisha tu akaunti yako ina *JOBCTL (ruhusa ya kudhibiti kazi za wengine), bila hiyo utaangalia tu kazi za wenzio bila kuzigusa.

Hatua ya 1: foleni ya kazi

Andika WRKJOBQ, Enter. Tazama idadi ya kazi, sabusistemu (sehemu ya mfumo inayovuta kazi toka foleni na kuziendesha), na hali. Ukiona HLD foleni imezuiwa, ukiweka 6 mbele yake inaiachia, ila uliza kwanza nani kaizuia maana wakati wa bakapu huwa inazuiwa makusudi.

Inayowachanganya wengi ni hii: hali inasema RLS (haijazuiwa), kazi zimejaa, lakini safu ya sabusistemu iko tupu. Hapo foleni haina wa kuivuta, kazi zitakaa humo mpaka kesho na hutaona eror yoyote. Ingia WRKSBS uone kama sabusistemu yake inatembea, kama haipo iwashe kwa STRSBS.

Na kama kila kitu kiko sawa ila inaenda polepole, piga DSPSBSD QBATCH (QBATCH ni sabusistemu ya kazi za bechi) chagua 6, angalia kiwango cha juu cha kazi kwa foleni hiyo. Kikiwa 1 basi inapita moja moja, na ile ndefu iliyotangulia imewazibia wengine wote. Unaweza kupandisha kwa CHGJOBQE lakini mi siharakishi hapo, kuna kazi zimepangwa zifuatane kwa sababu, ukifungua njia mbili ripoti inatoka kabla hesabu za siku hazijafungwa, halafu utaeleza mwenyewe kwa wahasibu.

Hatua ya 2: kazi zilizokwisha ingia

WRKACTJOB SBS(QBATCH). Tafuta MSGW kwenye safu ya hali, maana yake kazi imeuliza swali na imekaa inangoja jibu. Weka 7 usome ujumbe, ingia F1 uone maelezo marefu NDIPO ujibu, usibonyeze C kwa mazoea kwa sababu C inakatisha. LCKW ni kazi inangoja faili au rekodi iliyoshikwa na mwingine, ikipita yenyewe achana nayo, ikiganda mtafute aliyeshika. Asilimia za CPU hapo ni za muda ulioandikwa juu, bonyeza F10 uanze kupima upya.

Hatua ya 3: printa

WRKOUTQ, hizi ni foleni za kuprinti, mtindo uleule. Safu ya raita ikiwa tupu hakuna programu inayoilisha printa, anzisha:

STRPRTWTR DEV(PRT01)

(weka jina la printa yako). Raita ipo lakini karatasi haitoki? Ingia ndani ya foleni kwa 5 usome hali za faili. HLD limezuiwa, SAV lilishaprintiwa likahifadhiwa, RDY liko tayari, MSGW kuna swali. Swali maarufu ni CPA3394, inataka uweke aina fulani ya fomu, kama karatasi iliyopo ndiyo yenyewe jibu G inaendelea. Raita ikigoma kabisa:

ENDWTR WTR(PRT01) OPTION(*IMMED)

kisha ianzishe tena. Na tafadhali, kwenye orodha ya WRKOUTQ kuna 14, hiyo inasafisha foleni, invoisi za watu zinaondoka.

Hatua ya 4: usikae unabonyeza F5

WRKACTJOB yenyewe inakula nguvu ya mashine, kuiacha wazi unaifreshi kila saa siyo ufuatiliaji. Tumia SQL:

select job_queue_name, number_of_jobs, job_queue_status, subsystem_name
from qsys2.job_queue_info
where number_of_jobs > 0

Upande wa printa ipo qsys2.output_queue_info, humo chuja zenye number_of_files kubwa na number_of_writers 0. Ziweke kwenye programu ndogo, iratibu kwa ADDJOBSCDE ikutumie ujumbe ikikuta mrundikano. Ila iipe foleni yake peke yake, ukiipeleka QBATCH siku QBATCH ikiziba na yenyewe itakuwa humohumo kwenye mstari inasubiri zamu.