Namna ya kuipata Zusanli mguuni bila kukosea

Zusanli ni nukta ya mguuni inayobonyezwa au kuchomwa sindano katika tiba ya Kichina. Wengi wanaoniambia wameibonyeza wiki nzima bila kuhisi kitu, nikiwaomba wanionyeshe, kidole hutua juu ya mfupa. Iko kando ya mfupa, ndani ya nyama. Kwa hiyo shughuli kubwa ni kuitafuta.

Kaa kitini, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Papasa chini ya pia ya goti. Utakuta vishimo viwili, huku na huku ya ukano unaoshuka kutoka kwenye pia. Chukua cha nje, upande wa kidole kidogo cha mguu. Wachina hukiita Dubi, yaani pua ya ndama.

Bana vidole vinne pamoja, gumba kando, ukilaza cha shahada chini tu ya kishimo hicho. Upana wake, ukipima usawa wa kiungo cha katikati cha kidole cha kati, ndio cun tatu, kipimo cha Kichina kinachofuata mwili wa mtu. Vidole viwe vya anayetibiwa! Ukimpimia mtoto kwa mkono wako utashuka mno.

Hapo kinapoishia kidole cha mwisho, shika ukingo wa mbele wa muundi, kisha sogea nje upana wa kidole kimoja. Inua unyayo, kisigino kibaki chini: msuli utatuna chini ya kidole chako. Ulegeze tena, ubonyeze huku na huku kidogo mpaka paitike kwa uzito, ganzi, au maumivu ya kuvumilika yanayoshuka kuelekea unyayoni. Hisia hiyo huitwa deqi.

Sasa bonyeza kwa gumba, ukizungusha taratibu, dakika moja au mbili, kisha hamia mguu wa pili.

Ni nukta ya 36 kwenye njia ya tumbo, mojawapo ya njia za mwilini ambazo tiba ya Kichina hupanga nukta zake, na ubeti wa zamani wa waganga wa Kichina unaiachia Sanli, yaani Zusanli hiyo, maradhi ya tumbo. Sisi huitumia kwa gesi, kichefuchefu na uchovu. San ni tatu, li ni kipimo cha mwendo: husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka, akiibonyeza, huongeza li tatu nyingine.

Sindano mwachie aliyesomea, kwani ndani zaidi hapo hupita ateri na neva. Usibonyeze penye jeraha, wala mguu uliovimba ghafla upande mmoja ukawa na joto; huo upeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo tumbo linalouma vikali, au mtu akitapika damu.