Somo: Kutoka kihambani hadi Terra Madre, jinsi ya kujiandaa

Habari za majukumu, wanakikundi na wakulima wenzangu wa huku mlimani Kilimanjaro, pamoja na ninyi wa Arusha, Meru na Usa River. Maswali kuhusu safari ya Terra Madre yamekuwa mengi, na kila mtu nimekuwa nikimjibu kivyake. Leo naweka yote pamoja. Mwenye swali aulize mwishoni.

Kwa wasioifahamu, Terra Madre ni mkutano wa wakulima, wafugaji, wavuvi na wapishi kutoka pande zote za dunia, unaoandaliwa na shirika la Slow Food mjini Torino, kaskazini mwa Italia. Wa kwanza ulifanyika mwaka 2004 na kukusanya watu wapatao 5,000 kutoka nchi 130. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, na siku hizi huangukia mwezi Septemba. Slow Food yenyewe ilianzia Italia mwaka 1986 chini ya Carlo Petrini, na mwaka 2022 urais wake ulikwenda kwa Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda, jirani zetu hapa. Wanachodai ni chakula kizuri, safi na cha haki: kiwe na ladha, kisiharibu ardhi, na aliyekilima alipwe stahiki yake.

Hatua ya 1: Kikundi kikutume

Usianze na pasipoti. Anza na kikao. Anayekwenda Torino anakwenda kwa niaba ya watu, kwa hiyo watu hao wakae, wachague, na waandike kwenye muhtasari kwamba fulani ametumwa, anapeleka nini na akirudi atatoa taarifa lini. Muhtasari huo utakufaa hata ubalozini.

Nina msimamo hapa. Mchagueni anayelima kwa mikono yake, hata kama katibu ndiye anayejua Kiingereza. Lugha itapata mkalimani. Mtu asiyejua kwa nini kahawa inapandwa chini ya migomba hawezi kusaidiwa na mkalimani yeyote.

Hatua ya 2: Andaa maelezo ya shamba lako

Hapa ndipo wengi wanapita haraka, na ndipo penye kazi. Mama mmoja wa kikundi chetu alipokuwa akijiandaa alianza hivi: "Sisi tunafanya kilimo endelevu kinachohifadhi mazingira." Tukamsimamisha. Tukamwomba atueleze tu alichofanya asubuhi ile tangu ametoka nje. Akasema amekata mkungu, shina akalikatakata vipande akawapa ng'ombe zizini, majani makavu akayatandika chini ya kahawa kushika unyevu, samadi ya juzi akaipeleka shinani mwa migomba, kisha akaenda kufungua maji maana ilikuwa zamu yao ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Kila kitu kiko hapo. Mtu wa Peru au wa India akisikia hivyo anaelewa, na anaanza kuuliza maswali ya kweli.

Mjue pia kwamba tulicho nacho kinajulikana duniani. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba (shamba letu la nyumbani lenye miti, migomba na kahawa pamoja) wa Shimbwe Juu, hapa hapa Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro. Juu kuna miti ya mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, na mpakani mmea wa isale. Wenzetu wa nchi nyingine wanahangaika kupanda miti upya katikati ya mashamba waliyokwisha kuyafyeka. Sisi babu zetu walituachia shamba ambalo tayari ni msitu. Ukifika kule usiongee kwa unyonge kama mtu aliyekwenda kuomba.

Semeni na matatizo yetu, msiyafiche. Vijana wanahamia mjini, vihamba vinagawanywa hadi kaka anabaki na kipande kisichotosha hata ng'ombe mmoja, mifongo mingine imekauka, na bei ya kahawa imewafanya watu wang'oe mibuni. Mkulima mwenzako wa mbali huenda ana tatizo lilelile, na hapo ndipo mazungumzo yenye faida huanza.

Hatua ya 3: Pasipoti na viza

Pasipoti inaombwa Uhamiaji kwa njia ya mtandao. Namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa viwe tayari. Kama cheti hakipo, anzeni leo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, msingoje mwaka wa mkutano. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 zaidi ya siku utakayotoka Ulaya na kurasa mbili tupu.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi ni ya Italia, ambayo ubalozi wake uko Dar es Salaam. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na maombi yafike kabla hazijabaki siku 15. Ushauri wangu ni miezi mitatu kabla, kwa sababu majibu huweza kuchukua hadi siku 45 wakihitaji uchunguzi zaidi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Ukiomba kwa mara ya kwanza lazima uende mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole, kwa hiyo wekeni nauli ya basi ya Dar kwenye bajeti. Bima ya afya ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Barua ya mwaliko, muhtasari wa kikundi, mahali pa kulala na tiketi ni mambo ya kawaida. Kinachowaangusha wakulima ni kuonyesha kwamba watarudi. Aliyeajiriwa anatoa barua ya mwajiri, je wewe wa kihambani? Toa hatimiliki ya kimila kama unayo. Kama huna, chukua barua ya serikali ya kijiji inayosema una shamba wapi, unalima nini na familia yako ni ipi. Ongeza stakabadhi za kuuzia kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika na taarifa ya benki yako na ya kikundi. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe na mtu anayetambulika.

Hatua ya 4: Mzigo, hasa vyakula

Someni hapa polepole. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya na matunda, mboga mbichi au mbegu za kupanda anatakiwa awe na cheti cha usafi wa mimea, hata kama ni mfuko mmoja mdogo. Matunda matano tu yameachwa nje ya sharti hilo: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Ndizi imo! Kwa hiyo mshare wa kupikia mtori unaweza kusafiri. Parachichi na nyanya chungu haviwezi bila cheti.

Cheti kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha. Tuna bahati ya kuwa nao jirani. Msiende siku moja kabla ya ndege. Mkaguzi anamwaga mbegu kwenye sinia jeupe, anazitandaza kwa kidole na kuzipitia. Punje moja yenye tundu la fukusi inatosha kuurudisha mfuko wote nyumbani ukachambuliwe upya.

Nyama na maziwa haviingii kabisa, pamoja na siagi, jibini na mgando. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu. Kahawa iliyokaangwa haina shida, wala unga wa ndizi, ila ufungwe vizuri na uandikwe ni kitu gani. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, iacheni nyumbani. Inaendelea kuchachuka ndani ya chupa, na chupa hiyo itapasuka juu ya nguo zako. Pelekeni unga wa ulezi na maelezo ya jinsi gome la msesewe linavyotumika kwenye mbege, na picha za mama akichuja.

Hatua ya 5: Unaowaacha nyuma

Septemba ni katikati ya msimu wa kuchuma kahawa kwetu. Kikundi kipange nani atachuma buni zako na nani atakata majani ya ng'ombe. Kama familia yako italala na wasiwasi, hata wewe hutatulia kule.

Hatua ya 6: Ukifika

Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, utabadilisha ndege njiani, kwa mfano Addis Ababa au Doha, kisha Milano, na kutoka Milano treni ya haraka inafika Torino kwa takriban saa moja. Saa za kule mwezi huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu. Jioni huwa na baridi kama ya Marangu, kwa hiyo beba sweta.

Mwaka 2022 na 2024 mkutano ulikuwa Parco Dora, eneo lililokuwa viwanda vya chuma na matairi, ambalo sasa ni bustani yenye nguzo kubwa za kiwanda zilizoachwa zimesimama. Ni pakubwa na pana watu wengi mno. Usijaribu kuona kila kitu. Chagua mikutano michache inayohusu kazi yako: mbegu, kahawa, migomba, maji. Andika jina na namba ya kila mkulima uliyeongea naye kwa kina, pamoja na mlichoongea. Muda mwingine kaa mezani kwako, maana wanaokuja mezani ndio wanaokutafuta wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kibosho: Dada, nimechaguliwa na kikundi ila sijawahi kupanda ndege na Kiingereza sina. Watoto wangu wananiambia nimwachie kijana aende. Nifanyeje?

Jibu: Mama, shikamoo. Nenda. Mikutano mikubwa ina wakalimani wa vipaza sauti vya masikioni, na wajumbe wa Tanzania na Kenya huwa wanakaa pamoja wakisaidiana. Safiri na mwenzako mmoja anayejua lugha, mkae viti vya jirani. Kijana atapata zamu yake. Pia usihofu malazi: kwa miaka mingi wajumbe wamekuwa wakipokelewa na familia za Piemonte, mkoa ulipo Torino, na ukiwa jikoni kwa mama mwenzako mtaelewana.

Kijana wa Usa River: Mimi si mwanachama wa Slow Food. Naweza kwenda kwa gharama zangu?

Jibu: Unaweza. Kuingia Parco Dora miaka hiyo niliyotaja kulikuwa bure, ingawa baadhi ya madarasa ya kuonja hulipiwa. Ila viza, tiketi na malazi ni juu yako. Kwa kweli ningekushauri kwanza uanze na bustani. Slow Food wana mradi wa bustani za shule na za jamii barani Afrika, na wengi waliofika Torino kama wajumbe walipitia kwenye kazi ya namna hiyo. Hapo Usa River uko karibu na Tengeru pia, ambako kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinahifadhi na kuboresha mnafu, mchicha na nyanya chungu. Nenda ukajifunze hapo kabla ya kufikiria ndege.

Mzee wa Marangu: Tunaambiwa tupeleke mbegu zetu. Je, zikichukuliwa na wakubwa zikarudi kuuzwa kwetu?

Jibu: Shikamoo babu. Hofu yako ni ya haki, na hata kule wakulima wengi wanaongea hivyohivyo. Utaratibu wetu ni huu: mbegu ya kuonyesha si mbegu ya kugawa. Kikundi ndicho kinachoamua ipi itolewe, kwa nani na kwa maandishi. Slow Food wana orodha ya vyakula vilivyo hatarini kupotea, iitwayo Ark of Taste. Kuingiza chakula chetu humo ni kuandika jina lake, mahali kinapotoka na namna kinavyotumika, na mbegu inabaki kwetu.

Mwanachama wa Machame: Na sisi tukipewa mbegu za wenzetu, turudi nazo?

Jibu: Hapana, kaka. Usije nazo bila kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, na miche ya migomba usiiguse kabisa. Waulizeni ndugu zetu wa Kagera unyanjano, ugonjwa unaonyausha migomba, umefanya nini kwenye mashamba yao. Chukua picha, chukua maelezo, na anwani ya mwenye mbegu.

Mama wa Mwika: Tunaweza kuuza kahawa yetu huko?

Jibu: Pakiti chache za kuonjesha hazina neno. Kuuza mezani kunahitaji mpange na waandaaji mapema, na kusafirisha kahawa kibiashara kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa, ambayo iko hapa hapa mjini Moshi. Nendeni mkaulize mkiwa kikundi. Mnunuzi mkimpata, msitie saini chochote mkiwa Torino.

Dada wa Sakina, Arusha: Kuna mtu ananiambia nimpe hela, atanipatia mwaliko na viza kwa uhakika.

Jibu: Dada yangu, usimpe hata shilingi. Hakuna mtu wa kati anayeweza kuahidi viza, uamuzi ni wa ubalozi. Mwaliko unatoka kwa waandaaji wenyewe kupitia jumuiya yako. Kama ameshachukua nakala ya pasipoti yako, nenda polisi ukatoe taarifa, kisha uniandikie pembeni tuone barua aliyokutumia.