Jinsi ya kuomba mkopo wa benki ya maendeleo kwa kazi ya taka za plastiki na vifaa vya umeme ukiwa Lamu

Ombi letu la kwanza lilikuwa la mashine ya kusaga plastiki. Tulipeleka faili nene, picha za fuo zilizojaa chupa zikiwa juu. Baada ya miezi lilirudi. Afisa alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mashine itavuka vipi kutoka Mokowe, gati la upande wa bara? Hatukuwa tumehesabu chombo cha kuivusha, wachukuzi wa gatini, wala punda. Na bei aliyotuandikia muuza mashine ilikuwa imeshapitwa na muda.

Yanayofuata ni mpangilio ambao ningeufuata leo.

Mlango gani ubishwe

Taka za plastiki zina fedha nyingi duniani. Mwaka 2018 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na benki za maendeleo za AFD ya Ufaransa na KfW ya Ujerumani zilianzisha mpango wa bahari safi kwa lengo la yuro bilioni 2, kisha 2022 lengo likapandishwa hadi bilioni 4. Usiandike barua huko. Taasisi za namna hiyo hukopesha serikali na miradi mikubwa, na kwa wadogo hupitisha fedha kwenye benki za hapa nchini. Nenda kwenye benki yako ya biashara uulize kama wana fungu la mikopo ya mazingira, na fedha zake zinatoka wapi. Swali hilo la pili ndilo humfanya karani amwite meneja.

Kwa upande wa serikali kuna Kenya Industrial Estates, inayokopesha viwanda vidogo tangu 1967, na Shirika la Maendeleo la Kenya (KDC), lililotokana na kuunganishwa kwa ICDC, IDB Capital na Shirika la Fedha za Utalii. Mwenye mashine moja aanze na la kwanza.

Kama hutaki riba, sema siku ya kwanza, usingoje mpaka ofa itoke. Uliza kuhusu murabaha, ambapo benki hununua mashine na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, au ijara, ambapo unaikodi. Kulisema hilo hakuna aibu, na Lamu hutakuwa wa kwanza.

Mizani kabla ya fomu

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Kukosekana kwa taka si tatizo: jahazi la Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyotupwa na kuzinduliwa hapa hapa mwaka 2018, lilimeza tani 10 hivi za plastiki na ndara 30,000. Benki inajua taka zipo. Isichokijua ni kama wewe unapata kiasi kile kile kila mwezi, na nani ananunua.

Nunua mizani na daftari la jalada gumu. Andika tarehe, aina, uzito wa kupokea, uzito baada ya kusafisha, bei uliyolipa, bei uliyouza. Safu ya nne usiiruke. Chupa iliyookotwa baharini ina chumvi na mchanga, na plastiki iliyopigwa jua muda mrefu hukatika mkononi kama biskuti. Tuseme gunia kutoka kijiji cha Shela limeingia kwa kilo 20. Likishatolewa mchanga na vizibo, mnunuzi wa Mombasa anakulipa kilo 16. Ukipeleka benki hesabu ya kilo 20, umejidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mtu.

Tenganisha kwa alama ya chini ya chombo: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu mengi ya mafuta, 5 ni viti vingi vya plastiki. Ndara weka kando, mashine ya kusaga chupa haizitaki. Miezi 6 ya daftari ni mwanzo, mwaka mzima ni bora, maana utaonyesha na msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mzigo kulala gatini, na masika, hoteli zinapokuwa tupu. Ukiwa na daftari hilo unaweza kuomba marejesho yapungue miezi hiyo. Bila daftari, ombi lako litaonekana kisingizio.

Watoto nao wataleta magunia. Benki za maendeleo huuliza sana kuhusu ajira ya watoto, na afisa akija atasimama karibu na mizani aone. Weka sheria: mtoto hapimiwi wala halipwi, aje mzazi.

Makaratasi

Chama kilichosajiliwa kwa Sheria ya Vikundi vya Jamii ya 2022 kinafaa kwa ruzuku na mikopo midogo. Kwa mashine, sajilini kampuni kupitia eCitizen, au ushirika mkifika watu 10. Halafu PIN ya KRA, cheti cha kulipa kodi, kibali cha biashara cha kaunti, ripoti ya CRB inayoonyesha ulivyolipa mikopo ya nyuma, na taarifa za benki. Haya ni ya siku chache, Huduma Centre watakuelekeza.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo itakayokula muda, kwa hiyo anza nayo. Utahitaji tathmini ya mazingira kwa ajili ya kiwanda, leseni ya kuchakata taka, na leseni ya kusafirisha taka ikiwa unabeba mwenyewe. Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti kabla ya kumlipa mtaalamu, uwaeleze mashine na mahali, wakwambie mradi unaangukia daraja gani la hatari. Ripoti fupi na utafiti kamili hutofautiana sana kwa gharama. Mahali pia pana neno: Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, usifikirie mashine ya kelele kati ya vichochoro vya Langoni. Kwa maoni yangu, kuchambua taka kubaki kisiwani na mashine ikae Mokowe, lori linapofika mlangoni.

Vifaa vya umeme viandikie sehemu yake peke yake. Televisheni za kichogo zina madini ya risasi, yenye sumu, kwenye kioo, betri za simu zilizovimba hushika moto, na kuchoma nyaya ili kutoa shaba ni njia ya mkato ya kunyimwa leseni. Ukiuza hiyo shaba, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inakutaka uwe na leseni nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, taka zote za kielektroniki huvuka mpaka kwa idhini ya nchi zinazohusika. Kwa hiyo ombeni fedha za kukusanya, kubomoa na kuhifadhi tu, bodi za saketi za ndani mziuze kwa kituo chenye leseni. Ambatisha barua yao ya kukubali kununua.

Barua kama hiyo, hata kwa plastiki, ina uzito kuliko kurasa ishirini za malengo. Kanuni za 2024 za wajibu wa wazalishaji zinawataka wanaoleta bidhaa sokoni wagharamie taka zake, kwa hiyo ulizia pia mashirika ya wazalishaji yaliyosajiliwa na NEMA kama yanatafuta wakusanyaji huku.

Dhamana

Wengi hatuna hati ya shamba. Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya 2017 inaruhusu kuweka rehani mashine yenyewe, mzigo ulioko ghalani, hata deni unalomdai mnunuzi. Mtaje afisa sheria hiyo kwa jina na mwaka.

Ofa ikitoka

Isomeni wote, kwa sauti, mkiwa mmekaa. Tafuteni ada za mwanasheria, bima na uchakataji zinazokatwa kabla ya fedha kufika, na miezi ya mwanzo ambayo hamtalipa mtaji, yaani kiasi chenyewe mlichokopa. Mara nyingi benki humlipa muuza mashine moja kwa moja, basi hakikisheni bei yake bado inafanya kazi siku hiyo, na kwamba bima ya mzigo haikomi Mombasa. Bima yetu ya ombi la pili ilifika mpaka gati la Lamu, na kwenye bajeti mstari wa nauli ya chombo niliuandika mimi mwenyewe, juu kabisa.