Kompyuta inayotumia waya wa mtandao (si Wi-Fi) kutumia bando la simu kupitia ruta

Njia hii inahitaji ruta yenye hali ya WISP, yaani inayopokea intaneti kwa Wi-Fi badala ya waya. Baadhi ya TP-Link na Tenda za bei nafuu zinayo. Washa hotspoti ya simu kwenye 2.4 GHz, maana ruta ya bendi moja (2.4 GHz pekee) haiioni 5 GHz. Chomeka waya wa mtandao wa kompyuta kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN, la kuingizia intaneti (hapa wengi hukosea). Kwenye kivinjari fungua anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, chagua WISP, tafuta jina la hotspoti ya simu, weka nenosiri lake, hifadhi.

Imeunganishwa lakini intaneti haipiti? Huenda simu na ruta zinagawa anwani za mtandao (IP) za kundi moja. Badilisha anwani ya ruta iwe 192.168.50.1. Zuia hotspoti isijizime yenyewe, na simamisha masasisho ya Windows, la sivyo bando halifiki jioni.